Adabu za ukumbi wa sinema zina sababu zake

Mhariri,

Likizo za shule na sikukuu za Iddi na Krismasi ndizo zinazojaza kumbi za sinema za Dar es Salaam na Arusha, na ndizo zinazoleta malalamiko mengi: simu zinawaka gizani, watu wanapiga soga, watoto wanakimbizana kwenye ngazi, bisi zimetapakaa hadi mlangoni. Lawama nazo huenda kulekule kila mwaka. Wengine husema vijana wamekosa malezi. Wengine hujibu kwamba kukaa kimya ukumbini ni Uzungu, na aliyelipa kiingilio chake ana haki ya kufurahi anavyotaka. Sisi tunaofanya kazi kwenye kumbi hizi, wengine mlangoni na wengine kwenye chumba cha mitambo, tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tueleze jambo ambalo halisemwi vya kutosha: karibu kila adabu ya sinema imetokana na jinsi ukumbi ulivyojengwa na mitambo ilivyopimwa. Mtazamaji akielezwa sababu, mara nyingi hahitaji kukaripiwa.

Tuanze na wanaozungumza, maana hao huonewa. Watanzania wengi wamejifunza kutazama filamu kwenye vibanda umiza: mabenchi, televisheni moja, jenereta inaunguruma nje, na juu ya filamu sauti ya mtafsiri anayesimulia kila kitu kwa Kiswahili, mtindo uliovuma enzi za mtafsiri Lufufu. Pale kushangilia, kubishana na kumuonya shujaa kwamba adui yuko nyuma yake ni sehemu ya burudani, na hakuna anayepoteza kitu. Kwenye majumba ya zamani ya Dar na Unguja watazamaji wa filamu za Kihindi waliimba pamoja na waigizaji, na ukumbi mzima ulipenda. Drive-In ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1966, ilimpa kila mwenye gari spika yake ya kutundika dirishani, hivyo familia ilizungumza ndani ya gari bila kumkera jirani. Hata leo, kwenye tamasha la filamu la Zanzibar pale Ngome Kongwe, watu wakiwa chini ya anga wazi, minong'ono hupotea hewani. Hizo zote ni adabu halali za mahali pake.

Ukumbi wa kisasa ndani ya jengo la maduka ni kitu kingine kabisa. Kuta zake zimevikwa vitambaa na vifaa vinavyomeza mwangwi, milango ni mizito, hata kiyoyozi kimefungwa kwa namna ya kutosikika. Spika zinazotoa maneno ya waigizaji zimekaa nyuma ya skrini, na skrini yenyewe imetobolewa vitundu vidogo sana ili sauti ipite. Spika za pembeni na za nyuma hubeba mvua, upepo, hatua za mtu anayenyemelea. Kazi yote hiyo imefanywa ili sauti ndogo isikike. Sasa, mazungumzo ya kawaida ya watu wawili yana desibeli 60 hivi kwa umbali wa mita moja, na tukio la kimya kwenye filamu linaweza kushuka chini ya desibeli 40. Maana yake ni kwamba mtu anayeongea kwa sauti ya sebuleni, bila kupaza hata kidogo, tayari ameizidi filamu masikioni mwa walio karibu naye. Kuta zilezile zilizozuia kelele za nje zimemwacha yeye peke yake asikike.

Kunong'ona nako kuna namna yake. Mnong'ono wa hewa tupu, hasa wenye s na sh nyingi, hupenya mbali kuliko mnong'onaji anavyodhani. Sauti ya chini itokayo kooni, mdomo ukiwa karibu na sikio la jirani, husikika na mmoja tu. Maneno mawili matatu, basi.

Yupo anayezungumza kwa sababu ya haki kabisa: amemleta mama au bibi asiyejua Kiingereza, naye anamtafsiria. Huyo hatakiwi kufukuzwa, anatakiwa kusaidiwa. Amsimulie mama kisa na majina ya wahusika wakuu nje, kabla ya kuingia, ili ndani asilazimike kueleza nani ni nani. Achague viti vya pembeni ukutani, mstari wa nyuma, ambapo upande mmoja hana jirani. Tafsiri aitoe wakati wa vishindo na muziki, asiitoe mtu anapozungumza kwenye filamu. Akikosa nafasi, aunganishe mambo matatu kwa pamoja linapokuja tukio la magari. Na akiweza kuchagua, aende maonyesho ya mchana siku za kazi, ukumbi ukiwa na nafasi. Wapo pia wanaosoma kwa sauti maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya skrini, wengi wao bila kujijua. Hao hutosha kuguswa bega na mwenzao.

Hatusemi ukumbi uwe kama chumba cha mtihani. Kucheka, kushtuka, kupiga makofi pale panapostahili, hata yowe kwenye filamu ya kutisha, ndiyo raha ya kutazama na watu 200 badala ya kutazama peke yako kitandani. Watengenezaji wa filamu za kuchekesha hufahamu hilo, na wengi huacha pengo baada ya kichekesho ili kicheko kisimeze maneno yanayofuata. Tatizo ni maelezo yanayofuata kicheko: mtu anaanza kumsimulia jirani kichekesho walichokiona wote wawili.

Simu ndiyo inayoleta ugomvi mwingi siku hizi, na hapa tungependa wasomaji wajue namba. Kiwango cha kimataifa cha mwangaza wa skrini ya sinema ni kandela 48 kwa mita ya mraba, na hapo tunazungumzia sehemu iliyo nyeupe kabisa kwenye picha. Simu nyingi za kisasa zikiwashwa mwanga wote hufika kandela 500 na kuzidi. Kwa hiyo simu iliyo mapajani ni angavu mara kumi kuliko weupe wa juu kabisa wa kiwango hicho, na tukio la usiku kwenye filamu liko chini sana ya hapo. Filamu ya 3D ni mbaya zaidi, kwani miwani huacha kama theluthi ya mwanga, wakati mwingine chini ya hapo. Jicho la binadamu linachukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza sawasawa. Anayewasha simu "sekunde moja tu" kusoma ujumbe anawaharibia macho watu wa mistari yote iliyo nyuma yake, na macho hayo hayarudi hali yake kwa sekunde moja. Ukumbi una ngazi, hivyo kila aliye nyuma yuko juu yako na anakiona kioo chako moja kwa moja. Kuificha kwa kiganja hakusaidii, wala kupunguza mwanga mpaka chini hakutoshi.

Kuzima sauti peke yake hakumalizi kazi. Simu iliyowekwa kwenye tundu la kikombe pembeni mwa kiti ikitetemeka, plastiki ile inaipaza. Kengele ya kuamsha hulia kwenye simu nyingi hata ikiwa imewekwa kimya. Programu za adhana nazo, baadhi yake huadhini zenyewe bila kujali kimya. Ukiingia kwenye onyesho la saa 11 jioni, Magharibi itakukuta ndani, majira ya saa 12 na nusu hivi kwa Dar es Salaam. Iondoe sauti ndani ya programu yenyewe kabla hujaingia, au zima simu kabisa. Aliyenuia kuswali kwa wakati achukue kiti cha ukingoni karibu na mlango, atoke na kurudi bila kuinua mstari mzima, au achague onyesho linaloanza baada ya swala. Saa za mkononi zenye kioo nazo zimekuwa kero mpya: mkono ukiinuka kuchukua bisi, saa inawaka. Nyingi zina hali ya ukumbi wa sinema, inayozuia kuwaka huko, iwashe.

Muuguzi au daktari aliye zamu ya kuitwa, mama aliyemwacha mtoto mgonjwa nyumbani, hao tunajua hawawezi kuzima. Utaratibu wao ni huu: kiti cha ukingoni, simu kwenye mfuko wa nguo ikigusa mwili ili mtetemo uhisiwe bila kusikika, mwanga umeshushwa kabla ya kuingia, na ikitetemeka inatoka nje ya mlango kabla ya kutolewa mfukoni. Ukimweleza mhudumu mlangoni kwamba uko zamu, atakutafutia kiti kinachofaa.

Kurekodi ni jambo zito kuliko kero. Watu wengi wanaoinua simu kunasa sekunde 15 za kuweka WhatsApp hawana nia ya wizi, wanataka kuwaonyesha rafiki zao wako wapi. Piga picha ya tiketi, piga picha ya bango la filamu kule nje, piga hata na mwenzako kwenye kiti taa zikiwa bado zinawaka. Filamu ikianza, acha. Masharti ya sinema ya dijitali yaliyotolewa na studio kubwa za Marekani mwaka 2005 yanataka mtambo wa kuonyesha uingize ndani ya picha na sauti alama isiyoonekana wala kusikika. Alama hiyo inabeba utambulisho wa mtambo na wakati wa onyesho kwa vipindi vya dakika 15, na hurudiwa yote ndani ya kila dakika 5 za filamu. Kipande kikivuja mtandaoni, wenye filamu wanaweza kujua kilirekodiwa kwenye ukumbi gani na saa ngapi. Anayeadhibiwa kwanza ni ukumbi, ambao msambazaji anaweza kuunyima filamu inayofuata. Na kwa mtu binafsi ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mhudumu anapokuja kukuambia ufute ulichorekodi, hana chuki na wewe.

Kuchelewa. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi kwa kawaida ni saa ya kuanza matangazo na trela, na wazoefu wameligeuza hilo kuwa ruhusa ya kuchelewa. Tatizo ni kwamba urefu wa matangazo hubadilika siku hadi siku, na foleni ya Mwenge haina ratiba. Fika dakika 20 kabla: hapo unakata tiketi au kuonyesha uliyonunua kwa simu, unaingia msalani, unanunua vitafunio, na unakaa taa zikiwa zinawaka. Ukichelewa hata hivyo, usipande ngazi moja kwa moja. Simama ndani ya mlango, pembeni, nusu dakika hivi, macho yaanze kuzoea. Taa ndogo za kwenye ngazi zitaonekana na herufi za mistari utazisoma. Usiwashe tochi ya simu. Ukishindwa kabisa kuona, rudi kwa mhudumu, ana tochi yake ndogo na anajua kuielekeza sakafuni. Subiri tukio lenye mwanga mwingi ndipo upite.

Wakati wa kupita mbele ya waliokaa, begi la mgongoni livuliwe na kushikwa mkononi mbele yako, kwa sababu likibaki mgongoni linawagonga vichwa walio mstari wa mbele. Pita upande upande, umeinama, sema "samahani" moja ya chini kwa kila kundi. Waliokaa nao wasimame kama wanaweza, au wainue magoti pembeni; viti vile hujikunja mwenyewe akisimama, na vimetengenezwa hivyo ili njia ipanuke. Ukimkuta mtu kwenye kiti chako, mwonyeshe herufi na namba, bila kubishana. Kama filamu imeshaanza na jirani kuna kiti kitupu, kaa hapo kwanza, umwite mhudumu baadaye. Mabishano ya wawili waliosimama yanakata mwanga wa projekta au macho ya mistari mitatu.

Juu ya vichwa tuseme waziwazi, kwa heshima. Ngazi za ukumbi hupimwa kwa kukadiria kwamba kutoka macho ya mtu hadi utosini ni kama sentimita 12, ili aliye nyuma aone juu ya kichwa cha aliye mbele. Hijabu, kofia ya vito, mtandio, havileti shida. Vinaongeza kidogo tu. Kilemba kirefu cha sherehe, kofia pana, au rasta zilizofungwa juu ya kichwa huvuka kipimo hicho, na kinachokatwa ni chini ya skrini, yaani palepale maandishi ya tafsiri yanapopita. Ukivaa hivyo kata tiketi ya mstari wa mwisho. Hakuna atakayekuwa nyuma yako, na wala si mahali pabaya: sauti na picha huwa nzuri kuanzia theluthi mbili za ukumbi kwenda nyuma, kuliko mistari ya mbele inayokulazimu kukunja shingo.

Viti vingi vimeungana, kimoja kimefungwa kwa kingine. Mguu unaotikisika kwa mazoea unatikisa watu wanne bila mwenyewe kujua, na goti linalosukuma kiti cha mbele linafika uti wa mgongo wa mtu. Viatu vibaki miguuni. Penye viti vya kulala nyuma, geuka kwanza uone kama aliye nyuma hajaweka kinywaji.

Watoto wanahitaji mipango kuliko ukali. Bodi ya Filamu hutoa daraja la umri kwa kila filamu, na wenzetu wa Kenya wana alama zao: GE kwa wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18. Angalia daraja hilo kabla ya kununua tiketi, usiangalie bango peke yake. Katuni nyingine hazikuchorwa kwa ajili ya watoto. Halafu angalia urefu. Filamu ya katuni ya dakika 90 mtoto wa miaka 5 anaimudu, lakini ya mashujaa yenye dakika 150 haimudu hata akiipenda, na saa ya pili ndipo kilio na mbio za ngazini vinapoanza. Mpeleke msalani kabla, kaa ukingoni, mpe vitafunio kidogo kidogo, usimpe vyote wakati wa matangazo. Kiyoyozi ni kikali, chukua kanga au sweta. Mtoto aliyepigwa na baridi hatulii. Akianza kulia, toka naye mara moja, mbembeleze kwenye korido, urudi akitulia. Mzazi anayebaki kumbembeleza ndani kwa dakika tano, akiona haya kusimama, anawakera watu wengi kuliko angetoka. Mtoto mchanga tunashauri abaki nyumbani. Masikio yake hayajajengwa kwa vishindo vya filamu ya vita, na hawezi kusema kwamba yanamuuma.

Kuhusu chakula, kinachokera kwa kawaida ni pakiti, bisi zenyewe hazina kelele kubwa. Pakiti za krispi na karanga za nailoni zifunguliwe taa zikiwa zinawaka, zipasuliwe hadi chini ili mkono usikwaruze, au zimiminwe kwenye boksi la bisi. Kopo la soda nalo lifunguliwe wakati wa matangazo. Mwenye kikohozi avue pipi zake karatasi mapema aziweke mfukoni. Wanaovua taratibu gizani wakidhani wanapunguza kelele huirefusha. Chupa ya kioo ikianguka kwenye sakafu ya ngazi inabingirika chini ya viti hadi mstari wa kwanza, ukumbi mzima ukiisikiliza. Mishkaki, samaki wa kukaanga na chipsi mayai viliwe nje, hata pale ambapo mlinzi hakuviona. Hewa ya ukumbi huzunguka ndani kwa ndani na harufu hukaa hadi onyesho linalofuata. Kwa sababu hiyohiyo, manukato makali na udi mwingi wa nguoni hutesa wenye pumu.

Ukimwaga soda, tuambie unapotoka. Hakuna anayetozwa kwa kusema. Sukari ikikauka inanasa viatu, inaita sisimizi na mende, na bisi zilizoingia kwenye maungio ya kiti hukifanya kisijikunje, jambo ambalo ni la hatari siku watu wakilazimika kutoka kwa haraka. Kati ya onyesho na onyesho wasafishaji wana dakika chache mno, nao ni wawili au watatu kwa viti vyote hivyo. Kila anayebeba kopo na boksi lake hadi kwenye pipa la mlangoni anawapa muda wa kupangusa viti vizuri.

Je, ukikerwa ufanye nini? Kuna hatua, na zifuatwe kwa mpangilio. Kwanza geuza kichwa tu. Wengi hujirudi hapo. Asipoelewa, mwambie mara moja, kwa sauti ya chini, na utaje kinachokuumiza badala ya kumtaja yeye: "Samahani ndugu, mwanga wa simu unanipiga machoni." Kwa mtu mzima anza na "shikamoo" hata gizani, kisha "samahani mama, hatusikii vizuri huku." Neno "wee!" na kupiga kiti teke huanzisha ugomvi ambao ni mkubwa kuliko kero yenyewe. Akiendelea, usiseme tena. Toka umwite mhudumu, mtajie mstari na namba ya kiti, na umwachie kazi. Anayeambiwa naye aseme "samahani" na aache. Jibu la "nimelipa pesa yangu" halina uzito hapa, kwa kuwa aliye mbele yake kalipa, na wa nyuma kalipa, na walichonunua ni giza na ukimya wa saa mbili.

Wenzi waliokuja kwa mapenzi yao wakumbuke tu kwamba wa nyuma wanaona.

Picha ikififia, sauti ikikatika au filamu ikiwa haiko katikati ya skrini, kupiga miluzi na kuita fundi hakufiki kokote. Siku hizi chumba cha mitambo mara nyingi hakina mtu. Filamu, taa na matangazo hupangwa kwenye kompyuta na kujiendesha, na fundi mmoja huangalia kumbi kadhaa. Mtu mmoja ainuke haraka akamwambie mhudumu, aseme ni ukumbi namba ngapi na kasoro ni nini. Sauti ikiwa kubwa mno, utaratibu ni huohuo, na ni haki yenu kuomba ipunguzwe.

Filamu za Kihindi nyingi zimetengenezwa zikiwa na mahali pa kupumzikia katikati, na zinaweza kufika urefu wa saa tatu. Ukumbi ukitoa mapumziko, msalani ni wakati huo. Na kwa wanaosafiri: Nairobi na Mombasa wimbo wa taifa wa Kenya hupigwa kabla ya filamu. Simama wima, acha kutafuna, usitembee kutafuta kiti mpaka uishe, hata kama wewe si Mkenya.

Mwisho wa filamu unapofika na majina kuanza kupanda, wanaotoka watoke wameinama na simu zisiwashwe bado, kwani wapo wanaosoma majina na wapo wanaosubiri kipande kinachofichwa baada yake. Miwani ya 3D irudishwe kwenye kisanduku, ishikwe kwenye fremu, vidole visiguse vioo. Na tunaomba sana: msisimulie mwisho wa filamu kwenye korido. Watu wa onyesho linalofuata wamepanga foleni palepale, na tumeshuhudia nyuso zikibadilika.

Yote haya hayatawezekana kama wenye kumbi wataachia watazamaji mzigo wote. Tangazo la kuzima simu linaloletwa pamoja na filamu huwa la Kiingereza, la haraka, na limechomekwa kati ya biashara mbili kiasi kwamba watu hulichukulia kuwa biashara ya tatu. Liwekwe la Kiswahili, mwishoni kabisa, baada ya trela ya mwisho, taa zikiwa nusu, likae sekunde 20 bila muziki. Mhudumu apite ukumbini mara mbili: taa zinapozimwa, na dakika 20 baadaye, ambapo simu za kwanza huanza kujitokeza. Wanaouza tiketi wamuulize mwenye mtoto au mzee kama angependa kiti cha ukingoni, badala ya kumpa cha katikati kwa mazoea. Kwa ukumbi utakaopenda, maneno ya tangazo tunayapendekeza haya, na yeyote anaruhusiwa kuyatumia: "Karibuni. Tafadhali zima simu yako sasa, pamoja na kengele na adhana yake. Fungua vitafunio vyako kabla giza halijaingia. Mwenye mtoto anayelia, korido iko wazi na utarudi wakati wowote. Ukikerwa, mhudumu yuko mlangoni."

Ni sisi,
Wahudumu na waendesha mitambo wa kumbi za sinema,
Dar es Salaam